Mkate Uliokwenda Angani

Mpendwa Mama Njeri,

Najua ungeniambia nikae chini kabla sijaaibisha familia. Umechelewa. Jumamosi nilisimama pale ukumbi wa kanisa, Makongeni, nikachangisha pesa za setilaiti.

Unakumbuka harambee ya kwanza? Njeri alikuwa ndio ameingia chuo huko Juja, akatuambia yeye na wenzake wanaunda chombo cha kuzunguka dunia. Mimi nilimuuliza kama nafasi za uhasibu zimejaa. Wewe ulikwenda dukani, ukarudi na mkate, ukausimamisha mezani mbele ya watu. "Ukubwa wake ni huu tu. Kitapita huko juu kikipiga picha mashamba, kituonyeshe kumekauka wapi."

Baba Kamau, jirani yetu wa shambani Gatuanyaga, akadakia: "Mama Njeri, hiyo kukauka mimi naiona hata nikifumba macho!"

Watu walicheka, nawe ukamuuzia mkate huo huo kwa mnada. Akaurudisha uuzwe tena, kama kawaida yetu, ukauzwa na kurudishwa mpaka karatasi ikachakaa. Picha ya siku hiyo ninayo. Umetoka ukungu mtupu, kama kwenye harusi yetu, kwa sababu uligeuka kuangalia nani hajapata soda.

Basi chombo kimeundwa. Ilibaki kukilipia nafasi kwenye roketi ya watu wengine; chuo kimetoa sehemu kubwa, sisi tukabakiwa na kipande chetu. Njeri akaniambia, "Baba, wewe ongea tu kama Mama." Mimi!

Nikanunua mkate. Shida ni kwamba nilikuwa natoka Ruiru kwa dada yako, na unajua chai ya huko haina kitafunio. Njiani nikaonja kipande. Kikaita kingine. Nilipouinua mbele ya watu, ukapinda katikati.

"Baba Njeri," akaita Baba Kamau, "hiyo setilaiti imeumwa na nani?"

Ukumbi mzima ulicheka, hotuba ikanitoka kichwani. Njeri akaangalia viatu vyake. Nikajua nimemwangusha mtoto, na wewe haupo wa kuniokoa.

Ndipo Baba Kamau akasimama, akivua kofia. "Njeri, hicho kitu kikipita, kitaona pale tulipomzika mama yako?"

"Kaburi ni dogo, Baba. Lakini shamba lote kitaliona, na yeye yumo."

Mzee akarudisha kofia kichwani. "Haya, leta huo mkate."

Akaununua ukiwa nusu, akaurudisha. Mama wa mboga akaununua, akaurudisha. Hata dada yako! Jioni Njeri alinikumbatia akilia. Nafasi tumepata.

Mkate nilirudi nao nyumbani, nikaumaliza kwa chai. Nilijaza vikombe viwili, bado sijazoea.

Siku chombo kitakapopita juu ya Gatuanyaga kikipiga picha, Njeri ataniambia. Nami nakuomba, mama, mara hii moja tu: tulia. Soda watapata wote.

Mumeo bado,
Baba Njeri