Shati la Vifungo vya Uongo

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. U hali gani, na yale magoti yako je? Mimi mzima wa afya, na safari hii nina ushahidi wa maandishi.

Unakumbuka daktari alivyong'ang'ania, baada ya mimi kuteleza kule bafuni, kwamba watu wa ustawi wa jamii waje kunipima kama naweza kuishi peke yangu? Basi walikuja jana. Mama mmoja, miwani puani, na fomu ya maswali arobaini. Unaoga mwenyewe? Unavaa mwenyewe? Unakwenda msalani mwenyewe? Haki ya Mungu, hata marehemu mke wangu hakuwahi kuniuliza mambo hayo.

Lakini fundi cherehani wa miaka hamsini hashikiki kirahisi. Fimbo nilikwisha kuificha nyuma ya kabati. Suruali nimeipiga pasi. Na shati, hapa ndipo ucheke: nilitoa vifungo vyote, nikashona kwa ndani ule utepe wa kunata, unaokwaruza kama ulimi wa paka, kisha vifungo nikavibandika juu kwa gundi, kwa urembo tu. Wajua vidole vyangu haviwezi kubana kifungo tangu mwaka juzi, ila kusukuma kitambaa kwenye cherehani bado vinaweza. Akaniambia, "Baba, hebu funga shati nione." Nikapitisha kiganja kifuani mara moja tu, kwisha. Akaandika. Maswali yote arobaini nimepata.

Sasa waniache nipumue.

Kaka yako

21 Februari

Kaka, shikamoo.

Huku wote wazima, wanakusalimu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, na hasira haijanitoka.

Kaka, ule si mtihani! Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita. Nimekamata watoto walioandika majibu mapajani, nimekamata walioyaficha kwenye soksi. Sijawahi kukutana na mtu anayeibia mtihani ili afeli. Ile fomu ni ya kukupatia msaidizi! Kila ukisema "naweza" unamrudisha mtu mlangoni. Na ukianguka tena hawatakuja na maswali, watakubeba moja kwa moja hadi nyumba ya wazee, ukalale chumba kimoja na watu usiowajua, na cherehani yako hawataipokea. Ndicho unachotaka? Waandikie uwaambie umewadanganya. Leo hii.

Huku kwetu hatuna mama wa fomu wala ofisi ya kupima wazee. Nina mkwe wangu, mke wa mwanangu, na ananitosha, ingawa ana kiherehere. Mimi naoga mwenyewe na kuvaa navaa mwenyewe. Samahani kwa mwandiko, kalamu hii mbovu.

Mdogo wako

16 Machi

Dada,

Natumaini hasira imepoa na afya ni njema. Yangu ni ya kusukuma siku.

Majibu yametoka: sihitaji msaidizi. Haya, furahi, ulisema. Jumatatu nilishindwa kufungua kopo la maharage, nikala mkate mkavu siku tatu, na kopo likanitazama tu pale mezani. Umeridhika? Lakini kuwaandikia siwaandikii. Wewe unajua maana ya mtu baki kukuvua shati? Nimewapima wanaume viuno na mabega maisha yangu yote, mimi ndiye niliyekuwa nikisema "inua mkono, geuka, simama wima". Leo niinuliwe mkono mimi? Hapana. Niache.

Halafu hiyo kalamu yako. Barua ya Januari kalamu mbovu, ya Februari kalamu mbovu. Huko maduka yamefungwa? Herufi zako zote zinalalia kushoto, wewe uliyekuwa ukinirudishia barua zangu zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Unaandika kwa mkono gani?

Kaka yako

4 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Niko salama.

Usihamishe mada. Tulikuwa tunazungumza habari zako, zangu zimeingiaje? Mikono yangu yote ipo, nimeihesabu. Umekula mkate mkavu siku tatu kwa kiburi, halafu unakagua mwandiko wa watu! Mzee mzima, kichwa kigumu kuliko cha mtoto wa darasa la pili. Sitaandika tena mpaka uniambie umewaandikia wale watu.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya cha miezi miwili. Habari zako sizijui, zangu utazisikia sasa hivi, ila kaa kitini kwanza.

Nilianguka. Bafuni palepale. Nilikuwa nimelala sakafuni tangu asubuhi, bomba linamwaga maji, nguo sina. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Saa saba mchana nikasikia mleta barua anasukuma kitu kwenye tundu la mlango, nikapiga ndoo kwa mguu. Akainama, akachungulia, na kwa kuwa mlango wa bafuni ulikuwa wazi, akaniona nilivyo. Huyo kijana wa watu ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Na alichokuwa ameleta ni barua yako ya matusi. Nimeisoma wodini. Nakushukuru kwa kunitukana siku ile.

Nyonga imevunjika, wameiunga. Nimerudi nyumbani juzi kwa masharti. Nesi anapita kwa muda tu. Yule mama wa fomu anarudi tarehe 14 Julai. Akiandika tena kwamba naweza kila kitu, msaidizi sipati, na bila msaidizi daktari amesema haniachi hapa, ni nyumba ya wazee. Wewe utasema jambo ni rahisi, sema ukweli. Dada, shati la utepe lipo kwenye msumari nyuma ya mlango, limepigwa pasi. Kila nikilitazama moyo unaniambia livae. Nakuambia kwa sababu najiogopa.

Basi tupatane. Mimi nitamwambia yule mama ukweli, kama na wewe utaniambia wa kwako. Ni mkono gani?

Kaka yako

23 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole, pole sana. Nimelia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Barua hii nimeianza asubuhi na sasa ni jioni, kwa hiyo usitake niandike mara mbili.

Mkono ni wa kushoto. Wa kulia ulikufa Januari. Niliamka nao umening'inia, mdomo umekwenda upande. Mdomo umerudi, mkono umekataa. Sikukuambia kwa sababu ungefanya nini huko uliko, zaidi ya kukosa usingizi?

Na si hilo tu. Nilikuambia naoga mwenyewe. Kaka, siogi. Mkwe wangu anabisha mlango, "Mama, nije nikusaidie?" Nami nimejifungia kwa komeo, nachota maji kwa kopo namwaga sakafuni, mara tano, mara sita, ili asikie. Kisha natoka nasema nimeshaoga. Gauni kulivua na kulivaa kunanichukua nusu siku, mkono haupandi, kwa hiyo leo ni siku ya sita nimevaa lilelile la kijani. Ananiona. Harufu anaisikia, si mjinga. Jana alisimama pale mlangoni akasema, "Mama, mbona unanifanya mtu baki?" Nikamwambia aende akaangalie chungu chake. Nimeona haya mpaka leo. Mimi, niliyekuwa nawachapa watoto kwa udanganyifu.

Haya, umeusikia wangu. Sasa zamu yako. Tarehe kumi na nne vaa shati lenye vifungo vya kweli. Ole wako!

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimeoga, nimevaa, na nimenyolewa ndevu vibaya. Nimebaki nyumbani kwangu.

Mama wa fomu alikuja. Nilivaa shati la vifungo halisi, barua yako mfukoni. "Baba, funga shati nione." Nikahangaika na kifungo cha kwanza mpaka jasho likanitoka. Akatazama saa, akatazama dirishani, akanionea haya. Nikataka kumwambia subiri kidogo, kinakuja. Nikakumbuka wewe na kopo lako. Nikasema, "Mama, siwezi. Na ile mara ya kwanza nilikudanganya." Nikamwonyesha shati lililo msumarini. Unajua alifanya nini? Alilifunga na kulifungua mara nne, akacheka, akaniuliza kama naweza kumshonea baba yake.

Msaidizi anakuja kila asubuhi. Zamani alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na mgongo wangu anausugua kama ukuta unaokwanguliwa rangi ya zamani. Siku ya kwanza niligeuza uso ukutani. Siku ya pili nikamgombeza. Sasa tunagombana kama ndugu, na kopo la maharage tumelila wote.

Kwenye kifurushi hiki kuna gauni. Vipimo vyako nilivikumbuka, nikaongeza kidogo kiunoni, usinune. Limepasuliwa mgongoni kote, hakuna kuinua mkono: ingiza mkono mbovu kwanza, kisha mzima. Hadi hapo unaweza peke yako. Lakini mgongoni sikuweka utepe, na usidhani umeniishia, ninao mita tatu. Nimeweka vifungo sita vya kweli. Vimeshonwa na msaidizi, mimi nikiwa nimemsimamia. Huwezi kuvifunga, hata ungekuwa na mikono mitatu. Fungua komeo, mwite mkweo.

Kaka yako

24 Septemba

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Gauni limefika, kiunoni limenitosha, sikununa.

Ila msaidizi wako hajui kushona. Kifungo cha nne kimekaa upande, na cha sita uzi wake ni wa rangi nyingine. Mimi sijaviona, viko mgongoni. Nimeambiwa.

Mdogo wako