Moto Uliopita Juu ya Rumonge

Rumonge, Jumatano, mwisho wa Juni 1962

Naandika haraka, kwa hiyo mwandiko wa leo usiutazame sana. Kiangazi kimekolea, mbingu haina wingu, na jioni hizi mwezi hauonekani. Ni giza zuri la kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa taa za karabai. Wavuvi wote walitoka, baba yangu pia.

Nimeona kimondo.

Sisemi zile nyota ndogo zinazochomoka ukipepesa jicho. Hiki kilikuwa kikubwa kiasi kwamba bado nakiona nikifumba macho.

Baada ya Maghribi nilikuwa ufukweni na mama na wanawake wengine, tunakusanya ndagala waliokauka mchangani. Wao walikuwa wameinama. Mimi pia nilitakiwa niiname, lakini nilikuwa nimesimama na beseni tupu, natazama nyota ya Zuhura ikishuka juu ya milima ya Kongo, kama ninavyofanya kila nikidhani hakuna anayeniona.

Ghafla nikaona kivuli changu mchangani.

Nikageuka. Kimondo kilitokea upande wa vilima nyuma yetu, kijani, na mkia mwekundu unaomwaga cheche. Kikapita juu ya vichwa vyetu bila sauti yoyote. Niliona kila kuti la michikichi. Niliona ndagala mmoja mmoja, na jicho lake. Kikavuka ziwa, kikapasuka vipande vipande, kikazimika nyuma ya milima ng'ambo.

Kisha giza, zito kuliko la kwanza.

Wanawake walipoinua vichwa, angani hapakuwa na kitu tena. Walichokuwa wamekiona ni maji kung'aa kuelekea kwenye mitumbwi. Walikuwa bado wanaulizana, labda muda wa kusoma Fatiha mara mbili tatu, ndipo ukaja mshindo uliotikisa kifua. Jirani yetu, Mama Sefu, akasema ni Wazungu wanajaribu mizinga ya sherehe za uhuru. Lakini mwanamke mwingine akasema neno moja tu: karabai.

Hapa kwetu kila mtu anajua karabai ikilipuka mtumbwini, na mafuta ya taa yakiwa pembeni, inakuwaje. Na tulipotazama ziwani, taa za wavuvi zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine.

Mama akaketi mchangani. Hakulia. Alikuwa anaita jina la baba polepole, kama anayemwamsha.

Mimi nilijua. Mimi peke yangu. Na maneno hayakutoka. Darasani mwalimu akiniuliza hata jambo ninalolijua vizuri, mimi huinamia daftari. Leo niliinamia beseni vilevile, mbele ya mama yangu mzazi.

Kuna baya zaidi, na nitaliandika. Nilikuwa na furaha. Nilimwona mama ameketi vile, na moyo wangu bado ulikuwa unarukaruka kwa uzuri wa kile kitu.

Nikapiga magoti nikamwambia sikioni. Mama Sefu akataka kujua nanong'ona nini, ikabidi niseme kwa sauti.

"Si karabai. Ni kimondo. Kimepita juu sana, hakikugusa mtumbwi wowote."

"Mutoto wa masomo," akasema Mama Sefu, "hayo ni ya kitabu. Taa ziko wapi? Nionyeshe taa ya baba yako."

Kitabu chetu cha jiografia kina mistari michache kuhusu vimondo, na hakuna hata mmoja unaoeleza kwa nini wavuvi wazime taa.

Mama alinishika mkono akaukaza. Sijui kama alikuwa ananiamini au alihitaji tu mkono wa kushika.

Ndipo tukasikia makasia. Si ya mtumbwi mmoja, ya yote, yanapiga maji kama watu wanaoshindana. Wanaume waliruka majini kabla ya kufika mchangani, wamebeba ndoo na makopo yaliyojaa maji. Baba alikuwa mbele yao. Alimshika mama mabega, kisha akatazama juu ya kichwa chake, kwenye nyumba zetu.

"Ni nani ameungua?" akauliza.

"Si ninyi?" mama akasema.

Kumbe kule majini wao pia walikuwa wameinamia nyavu. Walipoinua macho waliona Rumonge yote inawaka mpaka vilimani, kisha mshindo, wakaamini mapipa ya mawese yamelipuka na sisi tumo. Wakazima karabai, maana hakuna anayepiga kasia mbio huku taa inamtia upofu, wakaja kutuzima.

Mama Sefu alicheka mpaka akakalia ndagala zetu. Mume wake alikuwa bado ameshika ndoo, anauliza maji ayamwage wapi. Mama Sefu akamwambia amuulize mutoto wa masomo, yeye ndiye anajua yote.

Wote wakanigeukia. Nikaeleza. Safari hii nilifika mwisho. Mmoja akasema ni ishara ya uhuru, mwingine akasema ni shetani amepigwa na malaika. Sikubishana na yeyote. Wanaume wakarudi ziwani wakilalamika kwamba samaki wametawanyika.

Sasa hivi, nikiwa naandika, mama ameingia. Amesimama mlangoni kidogo. Amesema yeye alikuwa ameinama, hakukiona.

"Ilikuwa rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani ya nini?"

Nimefikiri sana. Nimeogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kule ufukweni. Mwishowe nimemwambia: ya jani changa la mgomba, jua likiwa nyuma yake.

Mama ametazama ukuta, macho yakienda taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Basi nimeiona," amesema, akaenda kulala.

Mimi silali. Natafuta neno la ule wekundu wa mkia, ili akiniuliza asubuhi niwe nalo.