Wimbo wa Baba Uwe wa Mwisho

Mbagala Kizuiani,
14 Aprili 2024

Dada Flaviana,

Kabla ya salamu, jua kwanza unaandikiwa na nani. Ile parapanda ya siku ya mwisho, malaika watapitia kibandani kwangu niwajazie kwenye flashi, maana toka Mtongani mpaka Rangi Tatu hakuna anayejaza nyimbo kama mie. Wenye harusi, wenye saluni, madereva wa pikipiki, wote wananipangia foleni. Na niliishia kidato cha pili.

Haya, Tumsifu Yesu Kristo. Habari za konventi? Wanakulisha? Huku sie wazima. Mama hajambo, ni mgongo tu na tumbo kidogo.

Ila ana jambo jipya. Kila Jumapili mie nikirudi kanisani ananiambia niweke wimbo mmoja kwenye redio, halafu ananisimulia ulikuwa wa lini. Alianza na wa kwaya ya Masasi, akiwa msichana. Jumapili iliyofuata akataka ule wa dansi uliokuwa unapigwa siku baba alipomwona mara ya kwanza. Leo ulikuwa wa safari ya kuja Dar, yeye na baba juu ya lori la korosho. Anakwenda kwa mpangilio, hataki kuruka hata mwaka. Nikamwambia, mama, tuweke basi na ule wa baba. Akasema hapana, wa baba uwe wa mwisho.

Unaukumbuka, ule aliokuwa anaimba akichonga vinyago, mama akamrekodi kwa simu yake ya zamani. Tangu azikwe, sauti yake nyingine hatuna. Memori kadi yake mama alinikabidhi mie niitunze, si unajua mie ndo mtaalamu.

Mdogo wako,
Gervas


Nyumba ya Malezi,
5 Mei 2024

Mdogo wangu Gervas,

Milele, amina. Nimefurahi kusikia malaika wana fundi. Wanatulisha vizuri, ugali na maharage, na Jumapili maharage na ugali.

Mama anaendeleaje? Usinijibu "hajambo". Mimi nimeishi na mama miaka ishirini na mbili, hajawahi kunisimulia maisha yake hata robo, daima alikuwa na kazi. Leo anayasimulia kwa mpangilio, na wa baba ameuweka mwisho. Mwisho wa nini?

Mwaka huu wa unovisi, wa kujaribiwa utawa, simu hatugusi, unajua. Ruhusa ya kwenda nyumbani inatolewa kwa jambo zito tu. Siwezi kwenda kwa Mama Mlezi na habari ya mgongo. Kama mmefika hospitali, niandikie walisema nini, neno kwa neno.

Ule wimbo nitunzie na mimi. Nikimaliza mwaka huu ndio kitu cha kwanza nitakachotaka kusikia.

Dada yako,
Flaviana


Mbagala,
26 Mei 2024

Dada,

Shikamoo, leo nakuamkia kabisa maana barua yako ilikuwa kali kama ya polisi. Hujambo lakini?

Hospitali hawakusema neno baya. Walituandikia dawa ya maumivu, ile ya kunywa, wakasema mama akapumzike nyumbani. Tarehe ya kurudi hawakutupa. Mie nikafurahi, foleni ya pale si unaijua. Anakula uji. Kugeuka mwenyewe kitandani hawezi, Mama Nusaiba wa jirani anakuja asubuhi kunisaidia kumwogesha. Kapungua, ila sura ile ile.

Nyimbo tunaendelea. Wa siku uliyozaliwa wewe ni wa taarabu, eti jirani wa hospitali aliufungulia mpaka manesi wakacheza. Nikamuuliza, na wangu? Akasema siku yangu umeme ulikatika mtaa mzima, ilisikika sauti yangu tu, na sijanyamaza mpaka leo. Alicheka mpaka akaumia, nikajuta kuuliza.

Siku hizi anakwenda haraka. Zamani Jumapili ilikuwa wimbo mmoja, sasa hivi mitatu, minne. Na kila tukimaliza ananiuliza kadi ya baba iko wapi. Nimemwambia iko kwa fundi Kariakoo, inasafishwa ili isikwaruze. Usiwe na wasiwasi, niko nayo makini.

Mdogo wako,
Gervas


Nyumba ya Malezi,
9 Juni 2024

Gervas mdogo wangu,

Salamu nyingi. Naomba uisome tena barua yako mwenyewe. Hawakukupa tarehe ya kurudi. Wewe ulifurahi?

Na hicho kijikadi kidogo kama ukucha fundi anakisafishaje wiki zote hizo? Mfuate leo. Mama asingojeshwe. Maneno mimi nayakumbuka, nakuandikia:

Mpingo, geuka nikuone uso,
mpingo, geuka nikuone uso,
Marietha subiri, nakuja.

Kila "geuka" anagonga patasi mara mbili, na jina la mama analivuta. Nijibu upesi, nipate cha kumwonyesha Mama Mlezi.

Dada yako,
Flaviana


Nyumba ya Malezi,
23 Juni 2024

Gervas,

U mzima? Mama je? Basi linaloleta barua limepita mara mbili bila yako. Wewe hujawahi kukosa la kusema.

Dada yako


Mbagala,
1 Julai 2024

Dada Flaviana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mie mzima. Mama anakunywa maji tu, kwa kijiko.

Jumapili iliyopita tulifika mwaka jana. Zimeisha, kabaki na mmoja.

Barua yako ya maneno niliipata. Nikatoa patasi ya baba kwenye boksi, nikaokota kipande cha mpingo, nikafunga kibanda mchana kweupe, wateja wanagonga. Nikaimba kwa sauti nzito, "geuka", mara mbili patasi, kama ulivyoniandikia. Nikajirekodi mara kumi na tisa mpaka mwenyewe nikasisimka. Nikakwaruzisha kidogo, ionekane ya zamani.

Jana nikamwekea. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono. Akasema, "Umeimba vizuri, mwanangu. Sasa niletee wa baba yako."

Mama Nusaiba kaniambia uani, mama yenu hivi alivyo angeshapumzika, kuna kitu anakisubiri. Dada, mwanzo nilijipa moyo kwamba mie nikichelewesha wimbo na yeye atachelewa. Kachelewa kweli. Lakini anaumia, dawa ya kunywa haishuki tena. Mpe Mama Mlezi barua hii aisome, halafu uje. Njoo na basi la kwanza.

Mlango ukigongwa tu, anauliza kama ndo fundi.

Hakuna fundi. Mwezi wa tatu Mwinjuma wa pikipiki alikuja na haraka ya harusi ya kaka yake, kadi yake imekufa. Nikamwambia hapa umefika, dakika nne tu. Nikachomoa ya kwanza niliyoikuta kwenye droo, nikafuta vyote bila kusikiliza, nikamjazia singeli mia mbili. Alivyoondoka nilikuwa najisifia. Baadaye nikaitafuta ya baba nikaikosa, ndo nikajua; nimeifuata, nimeizungusha kwa mafundi watatu Kariakoo, wote wameshindwa, wamenirudishia mkononi.

Sauti ya baba niliifuta mimi, dada. Mama sijamwambia.

Mdogo wako,
Gervas