Kilio cha Histirioniki

Jumamosi, 1 Septemba 1979

Tumecheza mchezo wetu leo hapa shuleni Nyarubungo! Mimi ndiye mama wa askari anayerudi kutoka vitani Uganda. Nililia mpaka nikajigaragaza vumbini, kitenge kikafunguka — bahati nilivaa gauni ndani. Watu walisimama. Mkaguzi wa utamaduni kutoka Bukoba, anayetafuta waigizaji wa kikundi cha mkoa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba uigizaji wangu ni "histrionic". Sikuelewa. Nikasema ahsante sana.

Jumatatu, 3 Septemba

Mwalimu Mkuu Anatoli ametangaza mstarini: neno hilo linatokana na historia, maana yake mimi, Mwalimu Deodata, nimefanya jambo la kihistoria. Makofi! Shibuda, mwalimu mwenzangu anayecheza mwanangu, Msukuma wa kuzaliwa, ananiita Histilioniki. Watoto wameshadaka. Nimefurahi, nisijidanganye. Bukoba naiona hii hapa. Hata ziwa la huko sijawahi kuliona.

Jumatano, 5 Septemba

Kiherehere changu! Nimedandia lori la pamba hadi misheni Biharamulo, Sista Esperansia akanifungulia kamusi kubwa ya Kiingereza. Historia haimo kabisa. Neno lina maana mbili. Ya kwanza: -a waigizaji, -a jukwaani. Sawa, ndiyo kazi yetu. Ya pili: -a kutia chumvi hisia, kulia ili utazamwe. Sista anasema wengi hulitumia kwa hiyo ya pili, na si kwa kusifu. Nilikasirika, kisha nikacheka. Njia nzima najiuliza — mkaguzi alinisifu au alinisuta? Nami nikamwambia ahsante sana!

Jumamosi, 8 Septemba, alasiri

Mkaguzi amerudi. Tunarudia mchezo, na leo anachagua. Nilimfuata, shikamoo mzee, marahaba, nikamuuliza lile neno alikusudia nini. Akatabasamu. Mtu mpole kweli. Akasema kipaji ninacho, ila nilizidisha.

"Mama wa kweli halii vile, mwalimu. Leo punguza, nikupeleke Bukoba."

Halii vile? Kile kilio sikukitunga! Nilikiona kwa macho yangu Nyakanazi mwezi wa saba, lori la wanajeshi liliposimama na Mama Kwandu, jirani yetu, akamwona mwanawe Bulugu anashuka. Alijigaragaza palepale barabarani, kitenge kikafunguka, wala hakujali. Mimi nimeiga tu. Tena nilipunguza.

Mkaguzi sikumwambia. Ni kwa heshima, au kwa kuitamani Bukoba, sijui.

Sasa niko darasani, nachungulia dirishani, nasubiri zamu. Mkaguzi kakaa mbele. Na Mwalimu Mkuu, bila kujua lolote, amemketisha Mama Kwandu kiti cha pembeni yake, mgeni wa heshima, mzazi wa mpiganaji! Bulugu kasimama nyuma yao, kanenepa kidogo. Mama Kwandu ameshashika pindo la kanga yake, tayari kufuta machozi. Anautazama mlango huu nitakaotokea.

Nacheka peke yangu. Jamani, Bukoba naitaka. Naitaka sana.

Shibuda ameingia uwanjani na bunduki yake ya mti. Watoto wanashangilia. Wananiita.

Kitenge nimekifunga legelege.