Mstari wa Chaki

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na wapwa zangu, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na kwa kuwa ndiwe uliyenilea baada ya mama, nakuandikia wewe kwanza.

Bado nipo kwenye ile karakana ya kuchomelea milango na madirisha. Watu wa mji huu wanataka nondo kila mahali, utadhani wanajifunga wenyewe. Kulikuwa na mti mmoja tu uliokuwa ukionekana dirishani kwetu, nao wameukata wapate pa kuegesha magari. Siku hiyo nilikasirika mpaka nikarudia kutunga mashairi. Huwa naandika kwa chaki juu ya mabamba ya chuma, kisha nafuta kabla ya kazi.

Jumatatu ya wiki juzi nilimwandikia mama, nikikumbuka ua lake la pale jikoni:

Mji huu una moto, lakini hauna jua,
Mama, bado ni mtoto, nalilia lile ua.

Mstari wa kwanza ulinipendeza mno, nikaupigia mstari wa chaki chini yake, kukatiza bamba zima, nikaenda kunawa. Sasa katika kazi yetu chaki iliyonyooka hivyo ina maana moja tu: kata hapa. Fundi mwenzangu, tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi hata akiwa anakula, akaiona, akawasha mashine. Wengine walikuwa wamekwenda kwa mteja. Niliporudi, mama alikuwa ameanguka sakafuni pamoja na nusu ya bamba, chuma kinafuka moshi.

Wiki iliyopita nilikuandikia kwamba lango lilimwangukia Kimya. Dada, nilikudanganya. Nilichukua nyundo nikampiga taya kwa nyuma, nikasikia mfupa ukivunjika. Mashine ikamtoka, ikazunguka sakafuni ikirusha cheche, naye akapiga magoti. Pigo la kwanza naweza kulisingizia hasira, zile ulizonionya tangu utoto. La pili nilipiga nikijua ninachofanya, na nilifurahi. Kisha nikamsukumia lango, ndipo nikapiga kelele za kuomba msaada.

Hakuniona. Taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema, na mkewe ananiombea dua kila siku kwa kumbeba mumewe hadi hospitali. Leo asubuhi nilipokwenda kumtazama, Kimya aliomba ubao mdogo na chaki. Aliandika kwamba ananishukuru, na kwamba nimsamehe kwa kukata shairi langu, hakuliona mapema.

Nikachukua ile chaki nikaandika: lango ni mimi. Nikapiga mstari chini yake.

Mkewe alisoma kwa sauti, akatoka mbio. Kimya aligeukia ukutani. Nami nimekaa kwenye benchi la nje nikiandika haya. Muuguzi ameniahidi kuipeleka barua hii posta.

Nisalimie wapwa zangu. Wakiuliza mjomba yuko wapi, usiwaambie habari za lango. Askari wanaingia getini, acha niishie hapa.

Mdogo wako,
mwenye mkono mwepesi