Kura za Mama Naserian

Jumanne, 5 Agosti

Sketi nne za shule, zote pindo. Suruali ya dereva wa watalii, kupunguza kiuno. Amekonda tangu msimu uanze. Baridi kali. Cherehani inalia, nimeitia mafuta.

Zimebaki siku nne. Tuzo za filamu ni Jumamosi, Dar es Salaam. Gazeti limerudia picha za wanawake watano wanaowania mwigizaji bora wa kike. Wa tano ni Mama Naserian. Wetu! Nimekata uso wake, nimeubandika juu ya kioo.

Mwaka jana walipokuja kupiga filamu hapa Karatu, alikuwa ameshuka kutoka Nainokanoka, huko juu kwa wafugaji, na vibuyu vyake vya maziwa. Mwongozaji akamwona, akamwomba aketi mbele ya kamera kidogo tu. Akabaki siku tisa. Anacheza mama wa kijana aliyepotea. Wanamletea habari mbaya, hasemi kitu. Anavua hereni zake, moja, kisha ya pili, anazilaza mapajani. Basi. Hakuna aliyemfundisha. Siku ilipoonyeshwa, banda zima la video lilinyamaza, hata wale vijana wa stendi wanaopiga miluzi steringi akivua shati. Nimeiona mara sita. Wale wengine wanne sitaki kusikia habari zao.

Kura ni za kuponi za gazetini. Bahasha tatu nilimkabidhi kondakta wa basi wiki iliyopita, Karatu nzima imo. Hakuna aliyechukua nguo yake kwangu bila kujaza. Mwalimu mmoja alilalamika, nikamwambia suruali yake inasubiri kalamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mnada, soko letu la mara mbili kwa mwezi. Vumbi mpaka kwenye nyuzi. Mama Naserian amekuja, amekaa kwenye benchi langu tangu saa nne mpaka saa saba, maziwa yameisha mapema.

Amenieleza jambo ambalo sikulijua. Mwongozaji alimwahidi kwamba akishinda, filamu inayofuata ni yake, na wataipigia huku huku. Lakini mumewe hataki. Mzee amesema ile ya kwanza ilikuwa kuwaheshimu wageni. Ya pili ni kazi gani hiyo, mke wa mtu kukaa anatazamwa? Kama ni kazi ya maana, huko mjini waseme wenyewe. Kwa hiyo anasubiri matokeo, na Mzee naye anasubiri.

Nikamuuliza kama anaitaka kweli hiyo filamu ya pili. Akanitazama kama mtu niliyemuuliza kama anakula.

"Mama Glori, siku zile tisa walinisikiliza hata nikiwa kimya. Nyumbani nikiwa kimya wanafikiri naumwa."

Tangu aondoke nimeshona vibaya. Mkono mmoja wa blauzi nimeugeuza nje ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

Ni leo. Redio haisemi lolote, inapiga muziki tu. Nimevunja sindano mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Hakuna anayejua matokeo. Gazeti ni kesho.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimechukia. Nimechukia mpaka kichwa kinauma.

Gazeti limefika saa tisa alasiri na basi la Arusha. Nikalifungulia pale pale stendi. Ameshinda yule wa filamu ya hospitali!

Nimeiona ile filamu. Mgonjwa mahututi, wiki ya tatu kitandani, midomo inang'aa na kucha zimepakwa rangi. Gauni la kulalia lina mistari ya pasi. Mimi ni fundi, naona mambo haya. Nguo ya mgonjwa hailali hivyo. Halafu analia. Analia mpaka spika za banda zinakwaruza. Anamlilia daktari, anamlilia mchumba, anaililia dripu. Tulicheka siku ile, na mimi nilicheka kuliko wote. Ndiye mwigizaji bora wa nchi nzima.

Na Mama Naserian? Wa mwisho. Wa tano kati ya watano. Gazeti limesema kura zake zilikuwa "chache mno". Chache! Nimekaa kwenye veranda hii wiki sita nikiwabana watu wajaze kuponi. Padri amejaza. Muuza nyama amejaza, na kuponi yake ina damu. Mabinti wa lodge wamejaza wote. Ziko wapi?

Wamezila. Wamejuana wao kwa wao huko Dar, wakagawana. Sisi wa huku juu ni wa kupigwa picha pamoja na tembo, basi.

Nimemvaa kondakta mbele ya watu. Nimemwambia alizitupa njiani Makuyuni. Ameapa kwa mama yake. Sikumwamini.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeandika barua ya malalamiko, kurasa mbili. Nimeipeleka posta mwenyewe. Kisha nikaenda kwenye duka la simu nikapiga gazetini. Msichana aliyepokea amesema nipige Ijumaa, ataangalia.

Mteja mmoja ameniambia, "Mama Glori, hii si filamu tu?" Gauni lake litakuwa tayari mwezi ujao.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nimepiga. Msichana yule yule, mpole, ana sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Akasema, "Zilifika, mama. Bahasha tatu kutoka Karatu. Tatizo hatuna mshiriki anayeitwa Mama Naserian."

Nikamwambia ni huyo wa picha ya tano, mwenye shanga. Akasema anamfahamu, ila jina lake ni jingine, lilichapwa chini ya picha na liko pia kwenye filamu. Kanuni inataka jina la kwenye orodha. Kura yenye jina lisilo kwenye orodha imeharibika.

Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani ninyi hamjui jina lake?"

Nikakata simu.

Hatulijui. Nimemjua mwanamke huyu miaka minane. Nimemshonea, amenishikia Glori akiwa na degedege, nimekula kwake. Jina lake sijawahi kulisikia, wala sijawahi kuuliza. Nani anauliza? Mtu akishazaa anaitwa kwa mtoto wake. Mimi mwenyewe, tangu Glori azaliwe, aliyeniita Anjelina ni muuguzi wa kliniki peke yake, na nilichelewa kuitika. Na kwao Mama Naserian, Umaasaini, mambo ni makali zaidi. Kumwita mwanamke wa makamo kwa jina lake la usichana, tena wewe si wa rika lake! Hata jina likichapwa gazetini, macho yetu yanaliruka.

Nimewatukana sana wenye tuzo. Kanuni zao zimetungwa na watu wasio na mama mkwe. Picha yake walikuwa nayo, Karatu nzima imeandika jina moja, mwenye akili timamu angeuliza ni nani huyo. Hawakuuliza. Walizitupa kando wakaenda kula pilau ya sherehe.

Lakini kuna hili pia, na nalisema hapa tu. Wateja wengi hawakujua waandike nini. Niliwabandikia mfano ukutani, herufi kubwa, wakanakili. MAMA NASERIAN. Mwandiko ni wangu. Zile bahasha tatu nimeziharibu mimi.

Jioni nimekwenda stendi kumwomba radhi kondakta. Amekubali, lakini ameringa kwanza.

Alhamisi, 21 Agosti

Bahasha zimerudi. Yule msichana amezirudisha kwa basi, na karatasi ndogo ya pole. Kila kuponi imepigwa mhuri mwekundu. Sijaweza kuzitazama, nimezisukuma chini ya meza kwa mguu.

Jumatatu, 25 Agosti

Mnada tena. Nimemweleza Mama Naserian yote, mfano wa ukutani nao sikuuficha. Nilitegemea atanisema. Alicheka kwanza, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika.

"Mzee ameshasikia nilikuwa wa mwisho," akasema. "Amesema imekwisha."

Akaniuliza bei ya vitunguu mwaka huu. Nilitaka kulia, nikamjibu bei ya vitunguu.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimefunga duka. Nimepanda Nainokanoka.

Nilipata nafasi kwenye pikapu inayopeleka unga, nimekaa juu ya magunia, blanketi mpaka puani. Ukungu tangu geti la hifadhi, kreta yenyewe sikuiona. Bahasha nilizibana kifuani njia nzima. Mimi ni nani wa kwenda kumweleza mume wa mtu?

Mzee alikuwa zizini anamtazama ndama mgonjwa. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, akanisalimu kwa Kimaasai, nikaitikia "Iko" kama nilivyofundishwa. Mama Naserian alinipa chai akaingia ndani. Hakutoka tena.

Nikamwambia Mzee kwamba mke wake hakuwa wa mwisho. Kura zilikuwapo, zikakataliwa, kosa ni langu. Nikazimwaga zote juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa chini. Yeye hasomi. Akachukua moja, akanipa.

"Soma."

"Mama Naserian."

Akanipa nyingine. Mama Naserian. Ile ya damu ya muuza nyama. Mama Naserian. Akaendelea kuzichagua huku na huku, labda alitaka kuona kama namdanganya. Nilisoma mpaka koo likakauka.

Akauliza, "Huko walitaka watu waandike jina gani?"

"Lile jingine, Mzee. La kwake mwenyewe."

"Wageni walitamke? Ukumbini, kwenye spika?"

"Ndiyo, Mzee."

Akatikisa kichwa. Akamkuna ndama shingoni.

"Hao hawana adabu. Hawa wa kwenu wamemwita vizuri." Kisha akasema, "Nilisema mjini waseme. Karatu si mji?"

Nikasema ni mji, Mzee.

"Basi wamesema. Wakija tena, acha acheze."

Nimerudi na pikapu ile ile, tupu, inaruka kila shimo. Nimeimba.

Jumatano, 3 Septemba

Mwongozaji amepatikana kwenye simu. Filamu inayofuata wanaipigia Dar, tayari wamempa nafasi yule mshindi. Amesema, "Mama, soko ndilo linaamua." Nikamwambia soko langu ni hili la Karatu na halijaulizwa. Akasema salio linaisha. Lake au langu? Mimi ndiye niliyepiga!

Sasa ruhusa ipo, filamu haipo. Nimemkasirikia kila mtu, na yule wa kucha za rangi kuliko wote. Leo sijagusa cherehani.

Jumapili, 7 Septemba

Mnada umeangukia Jumapili. Nimemwambia Mama Naserian alichosema mwongozaji. Akafunga vibuyu vyake, akasema, "Nataka kumwona huyo mwanamke."

Nikafurahi. Nikamtafutia nafasi banda la video, onyesho la saa nane, mwenye banda ameitoa ile kanda ya hospitali kwa ajili yetu. Tumekaa benchi ya mbele. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwonyesha kucha. Nilimwonyesha mistari ya pasi. Yeye ameinama mbele, viwiko magotini, shanga zinagusa mapaja.

Ikafika pale binti anapolia, spika zinakwaruza, vijana nyuma wanamwigiza. Nikageuka nicheke naye. Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuyafuta.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Akasimama kidogo mlangoni.

"Mama Glori, huyu mtoto anaumwa filamu nzima na mama yake hayupo. Umeona? Hakuna hata anayeuliza mama yuko wapi. Mpigie yule bwana. Mwambie kwenye hiyo filamu mpya huyu apewe mama. Mwambie mimi nipo."

Nikasema sawa. Mimi nilimpeleka pale ili tumchukie pamoja.