Alama ya Chaki Iliyofutika

Mama yangu,

Leo nimekukumbuka nikiwa mbele ya kompyuta. Ungecheka.

Unakumbuka kibaraza chako pale sokoni Karatu, wewe na cherehani, mimi na mdogo wangu Boay tukiokota vitambaa chini ya meza? Siku moja Boay alifuta alama yako ya chaki kwa kiwiko, nawe ukashona gauni lisilo na mkono wa kushoto. Mkono wenyewe ulikuwa mzima, umelala mezani. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ndiyo kazi yangu sasa hapa maabara, Dar. Mwili nao hushona jeni kwa vipande. Kipande kingine mara hukiweka, mara hukiruka. Programu yetu inatafuta mabadiliko madogo pembeni mwa vipande hivyo, pale penye alama. Kipande ni kizima, lakini chaki imefutika, na mwili unakiacha.

Boay aling'olewa jino, damu ikakataa kuganda. Tulipomzika, bibi, na rozari yake shingoni, akatuweka metimani, ule mwiko wetu Wairaqw wa kumtenga aliyefikwa na balaa. Majirani hawakuingia kwetu wala kuchota maji nasi. Walisema damu mbaya umeileta wewe, na wateja wakakukimbia. Niliudhika ulivyokubali kukaa ndani. Ulinijibu, "Mwanangu, mlango uko wazi. Ni mimi sina pa kwenda."

Juzi nilipima damu yangu, nikapitisha jeni zangu kwenye programu. Alama imefutika, Mama. Haikuwa laana, ni herufi moja tu ya jeni, karibu na mshono. Nilitamani kuja Karatu nikamwambie kila mmoja wao, kisha nikakumbuka nina mimba ya mtoto wa kiume. Sisi wanawake huubeba ugonjwa huu wa damu kutoganda, watoto wetu wa kiume ndio huumia. Huenda amerithi, huenda hakurithi, na kumpima akiwa tumboni hapa hatuwezi.

Mume wangu, Mchaga wa watu, hajui lolote. Nikisema, naogopa kwao watanitamkia yale uliyotamkiwa wewe. Nikinyamaza, namficha baba habari za mwanawe. Hakuna aliyeniweka metimani, Mama, na bado sioni pa kutokea.

Jana ameniuliza mtoto tumwite nani. Kwao kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Nikasema Boay. Akaliacha jina la baba yake hapo hapo, kwa kunipenda. Anajua ni jina la mdogo wangu. Hajawahi kuuliza alikufa na nini.

Mimi binti yako,
dada yake Boay